Nauza kufuli, lakini droo yangu inavuja

Shikamoo Mama Mshauri,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, maana kila nikiisoma najiona mtu mbaya. Safari hii naituma hivyo hivyo.

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, huu ni mwaka wa 6. Misumari, rangi, thina, mabomba, vitasa, makufuli. Nililianza kwa akiba yangu mwenyewe. Miaka 2 iliyopita msichana aliyekuwa akinisaidia aliolewa akaondoka, na mume wangu akaniomba nimchukue mdogo wake, ambaye alikuwa amemaliza masomo na hana kazi. Nilikubali kwa moyo mmoja. Shemeji ni mchangamfu, mafundi wanampenda, wengine wasipomkuta wanageuza. Mshahara hatujawahi kuupanga. Mwisho wa mwezi naangalia hali ya duka, nampa chochote. Kula anakula kwangu. Usiku analala stoo, nyuma ya duka, ili awe mlinzi pia. Mlango ni mmoja tu. Naufunga kwa nje, naondoka na ufunguo, asubuhi namfungulia.

Tangu miezi 4 iliyopita hesabu hazikai. Nikupe mfano mmoja. Jumatatu niliingiza ndoo 12 za rangi nyeupe. Ijumaa jioni zilikuwa zimebaki 3. Zimetoka 9, sivyo? Kwenye daftari zimeandikwa 7. Daftari huwa tunaliandika jioni, tukishatulia. Nilipomuuliza alikuna kichwa akasema, "Shemeji, labda kuna fundi alichukua kwa mkopo nikasahau kuandika." Labda!

Wiki iliyofuata mteja alilipia mabomba kwa simu. Usiku nikatazama salio, pesa haimo. Shemeji anasema aliuona ujumbe wa malipo kwa macho yake, kwenye simu ya mteja. Laini ya kupokelea malipo ni yangu, ila inashinda dukani. Namba ya siri tunaijua mimi na yeye, na yule msichana wa zamani pia, kwa sababu sijaibadilisha.

Halafu akanunua simu mpya. Anasema rafiki yake kamuuzia kwa bei ya kutupa. Sikuuliza zaidi, ila kila ikiita moyo wangu unaruka.

Sisemi mimi sigusi. Nikipungukiwa nauli ya watoto au gesi nachukua kwenye droo, duka ni langu. Lakini hizo ni pesa ndogo, nazijua.

Juu ya hayo yote, mwezi uliopita duka la jirani lilivamiwa wakati wa kufunga na mwenyewe akaumizwa mkono. Mimi nafunga saa 2 usiku, mauzo ya siku nzima nayatia kwenye mkoba, napita njia ile ile. Siku hizi natembea nikigeuka nyuma.

Rafiki yangu mmoja ananiambia niache noti nilizoziwekea alama kwenye droo nimtege. Mwingine anasema nifiche kamera, hata stoo. Kuna mtu yuko tayari kunikopesha za kamera na sefu, ila riba yake inauma. Mume wangu sijamwambia kitu. Mama mkwe ananipigia simu kila wiki kunishukuru kwa kumsaidia mwanawe. Nikimfukuza bila ushahidi navunja nyumba. Nikimwacha, duka linaisha nikilitazama.

Nimkamateje?

Nauza Kufuli, Silali

*

Marahaba, mwanangu. Hujaonekana mtu mbaya, umeonekana mtu aliyechoka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za pesa. Mara ya pili nilikwama kwenye sentensi ambayo wewe umeipita mbio: unamfungia mtu kwa nje, kwenye chumba chenye rangi na thina, ufunguo unalala kwako. Tutafika kwenye droo, lakini kwanza nivumilie hapa, maana hili halingoji uchunguzi.

Thina haihitaji kumwagika ndoo nzima. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukatoka dirishani; unatambaa sakafuni, mahali hasa anapotandika godoro. Cheche ya soketi iliyolegea, sigara, jiko dogo la kuchemshia maji, na moto uko tayari. Akiumwagia maji, thina inayowaka inaelea juu ya maji na kwenda nayo. Na huo mlango mmoja uko nyuma ya kufuli ambalo umeliuza mwenyewe.

Kama shemeji anaendelea kulala pale, mlango uwe na komeo analoweza kulifungua kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Thina na rangi za mafuta zihamishwe mbali na anapolala, vifuniko vibane. Kizimamoto kiwe cha unga au cha povu, kitundikwe karibu na mlango na si kule nyuma kwenye rangi, ili mtu anayekifuata awe anaelekea nje. Mshale wa kipimo chake uangalieni mara kwa mara kama uko kwenye kijani. Nikikuuliza mimi, stoo ya thina si chumba cha kulala hata ukiweka vyote hivyo. Najua utasema duka litabaki bila mlinzi. Ni kweli, na hiyo ni hatari ya kupimwa: kuna mlinzi wa kuchangia na majirani, kuna mlango imara zaidi, kuna bima. Bima hukuitaja popote. Ukiikata, usipunguze thamani ya mali ili ulipe kidogo. Mali ya 100 ukiiandikisha kama ya 60, kisha moto ukala ya 40, kampuni nyingi hazitakulipa 40. Zitakulipa 24, kwa hoja kwamba sehemu iliyobaki uliamua kuibeba mwenyewe. Uliza pia kama wizi usio na dalili ya kuvunja unalipwa, maana mara nyingi haulipwi, na wizi wa mtu wa ndani una bima yake peke yake.

Sasa droo.

Umeniuliza umkamateje. Neno hilo tayari lina mwizi ndani yake. Mimi kwenye barua yako nimeona jambo la kabla ya hapo: hujui umepoteza kiasi gani. Unajua ndoo 2. Mengine unayahisi. Huenda hisia zako ni za kweli, sizibezi. Nilikaa nyuma ya kaunta miaka mingi na najua tumbo la mwenye duka huanza kuuma kabla ya daftari. Lakini hebu tuzifuate hizo ndoo. Daftari linaandikwa jioni, kwa kukumbuka, na watu wawili waliochoka. Mafundi wanachukua kwa mkopo. Wewe unachukua ya nauli na ya gesi, na hakuna linaloandikwa. Unasema ni ndogo na unazijua. Bila kufungua kitabu chochote, niambie umechukua kiasi gani mwezi uliopita. Mimi nilipoulizwa swali hilo na mume wangu enzi hizo nilitaja kiasi, na kwa hasira. Tukaandika mwezi mzima. Kilikuwa karibu mara tatu ya nilichotaja.

Simaanishi kwamba mwizi ni wewe. Ila droo yenye mikono miwili isiyoandika haiwezi kumshitaki mkono mmoja.

Mwaka 1879, huko Dayton, Ohio, Marekani, mwenye baa mmoja aitwaye James Ritty alikuwa na ugonjwa wako huu huu: wateja wamejaa, droo haijai, na wafanyakazi wake aliwashuku. Yeye na ndugu yake John wakatengeneza mashine iliyoonyesha kiasi cha kila mauzo usoni pake kama saa ya ukutani, mteja anaona na muuzaji anaona. Wakaiita Keshia Asiyehongeka. Ndiyo babu wa mashine zote za kaunta unazoziona leo. Ninachokipenda ni kwamba mashine ile haikumkamata mtu. Ilifanya mauzo yaonekane palepale yanapofanyika, na hapo tu tabia za watu zikalazimika kubadilika.

Wewe huhitaji mashine, na kwa ajili hiyo mkopo wenye riba inayouma ungeuacha kwanza. Nunua kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni na namba zilizochapwa. Kila kinachotoka, hata misumari ya kiganja kimoja, kinaandikwa mteja akiwa bado amesimama. Mkopo wa fundi nao uandikwe hapo hapo, na fundi aweke sahihi. Asubuhi wekeni chenji ya kiasi kile kile kila siku. Jioni mhesabu wawili, mlango ukiwa umefungwa, si mbele ya barabara. Tuseme chenji ni 50, mauzo ya taslimu 320, madeni yaliyolipwa 30, matumizi yaliyoandikwa 40. Droo inatakiwa kuwa na 360. Ikiwa 352, andikeni 352 na pengo la 8, bila kelele, mtie sahihi wote wawili. Pengo linalokwenda leo juu kesho chini ni chenji na uchovu. Pengo la upande mmoja, siku zinazofanana, hilo lina habari.

Kuhesabu stoo nzima kila siku kutakushinda ndani ya wiki, nakwambia mapema. Chagua vitu 3 vinavyotoka sana na vina bei. Rangi nyeupe iwe cha kwanza.

Na wewe jilipe. Jipangie mshahara, hata mdogo, utoke tarehe moja, nauli na gesi vitoke humo. Siku utakayolazimika kugusa droo, andika kama unavyomtaka shemeji aandike. Hapo ndipo wenye maduka wengi hushindwa, kwa sababu kuandika "nimechukua mimi" kwenye duka lako mwenyewe kunaudhi.

Linakuja jambo gumu. Je, uanze utaratibu huu kwa siri au kwa wazi?

Kwa siri, huenda ukaujua ukweli wa miezi 4 hii. Huenda. Lakini utaratibu wenyewe unamhitaji aandike, kwa hiyo siri haitakaa. Kwa wazi, kama alikuwa anachukua, anaweza kuacha kimya kimya, pengo likaziba, na wewe usijue kamwe kama ulikuwa sahihi. Jiulize kabla hujaanza: unaweza kuishi na kutokujua? Kuna watu wanaoweza, wanashukuru duka limepona na wanasonga mbele. Kuna ambao kila simu ya kijana ikiita watakuwa wanarudi kwenye ndoo 2. Hili siwezi kukuchagulia.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Donald Cressey, aliyezungumza na wafungwa waliokula pesa walizoaminiwa. Mwaka 1953 alieleza kwamba mambo matatu hukutana: shida ya pesa ambayo mtu hawezi kumwambia yeyote, nafasi ya kuitatua bila kuonekana, na maneno ya kujituliza, kama vile "nimekopa tu, nitarudisha." Maneno ya kujituliza yako moyoni mwa mtu, huyafikii. Nafasi umeishika wewe. Na shida? Mwanangu, kijana wako ni muuzaji mchana, mlinzi usiku, na hajui mwisho wa mwezi atapata nini. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akawa na shida asiyoweza kukwambia, maana wewe ni shemeji yake na anakula kwako. Mshahara uliopangwa na kuandikwa ungeondoa jambo hilo mezani. Ungekusaidia na wewe: siku mkiachana, mnaachana kwa hesabu inayojulikana. Gharama itapanda, ndiyo. Huenda mtu mmoja wa kuwa mlinzi na muuzaji si wa bei nafuu kama ulivyodhani, na hilo pia ni jambo la kulijua.

Mtego wa noti zenye alama siupendi. Noti ikikutwa mfukoni mwake anaweza kukwambia ni chenji aliyobadilisha, na hutakuwa na la kujibu. Isipokutwa, utasema amekuwa mjanja. Kwa vyovyote hutalala. Kamera iliyo wazi juu ya kaunta ni kitu kingine. Inasaidia kwa wevi wa nje pia, na kila mtu anajua ipo. Lakini kamera haioni mkopo ambao haukuandikwa. Ya kuificha stoo nakuomba uifute kabisa kichwani. Pale anavua nguo na kulala. Sehemu nyingi sheria itakushika wewe, na hata isipokushika, siku akiigundua hutakuwa na familia ya kuirudia.

Simu mpya sina la kusema juu yake. Watu hununua simu.

Yale malipo ya mabomba nayaona tofauti na rangi, usiyachanganye. Ujumbe uliomo kwenye simu ya mteja si malipo. Unaweza kuandikwa na mtu yeyote, ukahifadhiwa kama picha, ukaonyeshwa haraka kaunta ikiwa na foleni. Hata ujumbe ulioingia kwenye simu yako unaweza kutumwa kutoka namba ya kawaida ukiwa umepambwa ufanane na wa kweli. Kwa hiyo yawezekana sana shemeji alitapeliwa, na akaona aibu. Kanuni iwe moja: bidhaa haivuki kaunta mpaka salio la laini ya duka limesoma, sio ujumbe. Namba ya siri ibadilishe leo. Yule msichana hajakukosea chochote, lakini hana sababu ya kuijua. Tafuta laini ya duka peke yake, isiyo na pesa za nyumbani. Kila jioni ihamishe pesa kwenda mahali ambapo anayeishika simu ya kaunta hafiki. Omba taarifa ya miamala ya miezi hiyo 4. Hiyo haimtuhumu mtu na inaweza kukujibu maswali mawili matatu bila kuuliza.

Kuhusu kutembea na mkoba saa 2 usiku: anayetaka kukuvizia hahitaji akili, umemrahisishia saa na njia. Peleka pesa benki au kwa wakala mchana, mara mbili kama mauzo ni mazuri, na usiwe na saa maalumu. Jioni ubaki na kidogo. Fungeni mkiwa wawili, mmoja anafunga, mwingine anatazama barabara. Sefu ni nzuri kama imefungwa kwa skurubu kwenye zege; isiyofungwa inabebwa nzima nzima. Na ikitokea wakakufikia, toa. Mkoba, simu, droo, vyote. Mwambie na shemeji hivyo hivyo, kwa maneno, kwa sababu kijana anayehisi anashukiwa anaweza kupigana kuokoa pesa zako ili athibitishe kitu.

Limebaki la mume. Umelibeba hili miezi 4 peke yako, na najua kwa nini: ukilisema linakuwa kesi ya ukoo. Unaweza kumwambia bila kumtaja mdogo wake kama mtuhumiwa. "Hesabu zangu hazikai, nataka tupange upya duka na mshahara wa shemeji, nataka uwepo tukikaa." Hiyo ni kweli tupu, hujaficha na hujashitaki. Hatari yake ni kwamba atakuuliza moja kwa moja, "Unamshuku?" Tayarisha jibu lako mwenyewe. Ukimwambia hapana naye akaja kujua baadaye, litauma kuliko ndiyo. Ningekuwa mimi ningesema, "Sijui, na sitaki kujua kwa kubahatisha." Wewe unamjua, mimi simjui.

Mama mkwe muache aendelee kushukuru. Hana kazi kwenye daftari.

Baada ya siku 30 za kuandika kweli, utakuwa na karatasi yenye sahihi mbili kila siku. Pengo likiwa limefungwa, utakuwa na duka linalohesabika na swali moja ambalo halina jibu. Likiwa bado lipo, upande mmoja, mtakaa watatu na karatasi hiyo katikati, na yeye atapata nafasi ya kuisoma kabla hujasema neno. Kutoka hapo kuna njia kadhaa: kumwondoa kwenye pesa na kumbakiza kwenye mizigo na wateja, kumlipa stahili zake mkaachana kwa salama, au kumpa mtaji mdogo aanze chake. Au kumsikiliza, maana huenda akakueleza kitu ambacho mimi na wewe hatujakifikiria. Niandikie wakati huo, tukitazame kilichoandikwa.

Ila ule ufunguo usisubiri siku 30. Una duka lililojaa vitasa na makomeo. Chukua moja, lile linalofunguka kwa ndani, mpe shemeji alifunge mwenyewe jioni ya leo. Na uliandike kwenye daftari kwamba limetoka.